Vifundo Arobaini na Kimoja

Nimeunga vifundo vya miguu arobaini na kimoja vilivyovunjika, na udaktari sijausomea hata siku moja.

Msinitukane bado. Someni kwanza.

Naitwa Gyu-tae, mtu wa Masan, huku Korea Kusini. Kazi yangu ilikuwa kuuza mabamba na skrubu za kuungia mifupa. Kila palipokuwa na upasuaji niliitwa niende na sanduku langu, nisimame kando, nimwonyeshe daktari bamba lipi linafaa.

Mwanzoni nilisimama kando kweli.

Kisha Daktari Pyo, mwenye hospitali, akaanza kuniambia nishike hiki, nikaze kile. Wagonjwa wengi, yeye mmoja. Siku moja akapasua ngozi, akanikabidhi drili, akaenda zake kuona wagonjwa wa nje. Ningekataa, kesho yake angeita muuzaji mwingine.

Nikakaza skrubu sita. Mgonjwa kalala fofofo, hana habari.

Nikazoea. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi nilivyozoea.

Novemba, siku ya kutengeneza kimchi, achari yetu ya kabichi na pilipili, ya mwaka mzima, mama yangu aliteleza kwenye maji ya chumvi ya kabichi. Kifundo kikavunjika pande zote mbili, mguu ukageukia kando. Kabla sijapata habari, alishamwambia dada yangu ampeleke kwa Daktari Pyo.

Nani alimsifia daktari huyo pale nyumbani miaka minne mfululizo? Mimi.

Asubuhi ya upasuaji, nilipoingia chumba cha upasuaji, mama alikuwa keshachomwa ganzi na kulazwa usingizi. Nikamvuta daktari kando. Nikamwambia huyu ni mama yangu, nikamwomba amfanyie yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mwanzo hadi mwisho.

Akashusha barakoa.

"Gyu-tae, mimi kifundo sijakishika mwaka wa tatu huu. Kama ni mama yako, bora ufanye wewe."

Hakuwa anatania.

Drili ilikuwa mezani. Na niseme ukweli, nilijua ningeweza. Nilinyoosha mkono kabisa. Hapo nikaviona vidole vya mama juu ya shuka, pilipili ya kimchi ingali imeganda kwenye kucha, nikaurudisha mkono.

Nikamwambia muuguzi tusimamishe kila kitu. Tukaita gari la wagonjwa, mama akahamishiwa hospitali nyingine, akafanyiwa na daktari aliyesomea.

Alipozinduka aliuliza kwa nini tulihama. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote. Nilitegemea anizabe kofi.

Aliuliza jambo moja tu.

"Na Mama Hyeon-u wa jirani, aliyefanyiwa pale mwaka jana?"

"Ni mimi, mama."

Akageuzia uso ukutani.

"Anachechemea mpaka leo," akasema. "Na kila mavuno anakuletea matunda, ati ulimtafutia daktari mzuri."

Nilianza kuungama kwa Mama Hyeon-u, ndipo nikaenda polisi. Polisi ilikuwa rahisi zaidi.

Ndugu yangu, siku ukilazwa kwenye meza ile, kabla hujafumba macho, uliza jina la atakayekushika mguu, na umwambie aje umwone uso. Mimi kati ya wale arobaini na mmoja, hakuna hata mmoja aliyeniuliza.