Sahani Moja Mbele ya Mupira

Ninyi bijana ya Beni na Butembo, benye kucheza mupira na benye kukaa pembeni ya kiwanja kuseka benzenu, hii maneno ni yenu. Wekeni telefone chini kidogo. Mimi ni Koko Masika, wa hapa Beu, mutaa moja ya Beni. Shule yangu ilikuwa fupi, ju jembe ilikuwa inaningoja, donc nitaandika vile ninasema, na mutanisikia vile niko.

Iko siku moja haijatoka mu kichwa yangu. Nilikuwa musichana, kule ku milima juu ya Butembo. Zamani ile tulilima kwa zamu. Leo batu bote banalima kwa huyu, kesho kwa ule, na mwenye shamba anapika. Kazi ikiisha, tunakaa chini tunakula kwa sahani moja, mukono kwa mukono. Kati yetu kulikuwa mwanaume mumoja, jina Tsongo. Alijua kulima kushinda bote, mais hakuoa. Alikaa na mama yake, na batu balisema-sema chini chini, unajua vile batu beko. Siku ile tulilima kwa baba mukubwa yangu. Chakula ilipofika, baba mukubwa akakata jani ya ndizi, akaweka kipande ya bukari, ugali yetu, na maharagi kiloko, kidogo tu, akamupelekea Tsongo pembeni, sawa vile mutu anapelekea imbwa. Hakumutukana. Hakumwambia kitu. Akufukuzaye hakwambii toka.

Tsongo akabakia na jani mu mukono, hakujua akae wapi.

Koko yangu, mama ya baba yangu, alikuwa amekaa na mikono imeshaoshwa. Akasimama. Alikuwa mwanamuke mufupi, mais akisimama yeye, batu barefu banajiona bafupi. Akabeba sahani yote, akatembea nayo mupaka kwa Tsongo, akaiweka chini mbele ya miguu yake.

“Chakula iko hapa,” akasema. “Mwenye njaa akuje.”

Baba mukubwa akasema, “Mama, unanipatisha haya mu shamba yangu mwenyewe.”

“Jembe yake imechimba udongo yako tangu asubui, haukuikataa. Mukono ni ile ile. Unaitaka ikulimie, hautaki ikule?”

Tukahama bote. Baba mukubwa alikuya wa mwisho, akakuta maharagi imeisha, na hakuna mutu alimuhurumia.

Mwanangu, hapana kufikiri nakupigia hadisi ya kukulalisha. Ile jani ya ndizi ilinifuata mupaka hapa Beni, niko na mvi sasa, na mutu wa kupewa chakula pembeni alikuwa mujukuu yangu, Kasereka.

Kasereka ni gardien, ni yeye anakaa mu lango. Tangu utoto alikuwa anarukia kila kitu: ndimu, mupira ya makaratasi, hata kuku yangu. Alipokomaa, ekipe ya quartier, ya mutaa yetu, ikamuchukua, na mimi nikakuwa mwenye kuwapikia. Kila mbele ya mechi banakuya mu lupango, uwanja ya nyumba yangu, banakula bukari na sombe ya majani ya muhogo mu sahani moja, kisha banashuka ku kiwanja. Bengine baliniita Mama Ekipe. Nilikuwa nakasirika kwa mudomo, mu roho nafurahi.

Sasa baba yake, Paluku, njo mutoto yangu wa kwanza, akaanza kukusanya mbuzi za mahari. Kwetu mwanaume akikomaa, baba anatafuta mbuzi, hiyo haina mjadala. Mbuzi zikafungwa nyuma ya jikoni, zinalia kutwa. Siku moja Kasereka akakuya akasimama mbele ya baba yake.

“Papa, hizi mbuzi zirudi kwa benyewe. Mimi sitaoa mwanamuke. Mimi napenda banaume. Sikuchagua ju ya kukukasirisha. Njo vile niko.”

Paluku hakumupiga. Afazali angepiga. Alichukua jembe, akaenda ku shamba, na mvua ilikuwa inanyesha. Kesho yake akauzisha mbuzi zote, na kutoka ile siku hakumuita mutoto jina yake.

Mutaniuliza, na wewe Koko? Mimi nilikaa kutwa nzima nachambua maharagi. Niko Mukristu, rozari yangu imechakaa kwa vidole yangu, na ninajua vile batu banasema ku kanisa. Nilimuuliza Mungu, na Mungu hakunijibu kwa sauti. Mais nikakumbuka ile asubui ya vita, risasi ilipolia upande ya Mavivi, karibu na hapa. Batu balikimbia, banaume ya nguvu balinipita, mimi na miguu yangu ya mugonjwa. Kasereka akarudi. Akainama akasema, “Panda, Koko.” Akanibeba ku mugongo sawa gunia, na njiani alikuwa ananichekesha ati niko muzito kushinda simenti. Nikasema: huyu? Huyu njo nifukuze? Nikamaliza maharagi, nikamuita akule.

Neno haikai ndani ya nyumba ya miti. Mechi yenye ilifuata, ekipe ilikuya mu lupango sawa siku zote, mais hakuna mutu alicheka. Nikaweka sahani kubwa chini. Kapiteni yao, Mbusa, kijana nilimujua tangu anatambaa, akachukua kisahani ya plastiki, akaipakulia kiloko, akaiweka pembeni ya makala ya moto. Kisha akaangalia Kasereka, akaangalia kisahani.

Nikauliza, “Mbusa, mwanangu, hiyo ni ya nani?”

“Koko, ni... ni mambo ya usafi tu.”

“Usafi! Wewe mwenye soksi moja tangu Pasaka?”

Bengine balicheka, mais hakuna mukono hata moja ilisogeza ile kisahani. Wakati ya Ebola tulikula mbali mbali, ndiyo, na tulijua sababu. Kasereka hakukuwa na homa. Basi nikainama, nikabeba sahani kubwa, nikabeba na sufuria, nikavuka barabara mupaka kwa jirani yetu Salumu, dereva wa minibus, Mwislamu wa watu. Batoto yake bakakula mupaka bakalala fasi balikaa. Ekipe ikaenda ku kiwanja na njaa, tena bila gardien, ju Kasereka alibakia nyumbani. Balifungwa mupaka mwenye kuhesabu akachoka.

Hapo nilifurahi. Lakini furaha yangu haikumurudisha mutoto ku kiwanja. Bakamuondoa mu ekipe. Akaenda kubisha kwa ekipe zingine, kila fasi habari ilikuwa imefika mbele yake. Akatundika gants, glavu zake za lango, ku musumari. Akaanza kuongea maneno ya Kasindi, ya kuvuka mupaka, ya Kampala.

“Kule hakuna mutu ananijua, Koko.”

“Njo ubaya yake. Mcheza kwao hutuzwa. Hapa unajulikana, basi bakujue muzuri.”

“Nitacheza na nani? Na kuku yako?”

“Angalia barabara,” nikamwambia. “Ni wewe tu hauna ekipe?”

Aliangalia. Mwanangu, mutu akiumia anaona kidonda yake peke yake, mupaka umugeuze kichwa. Kulikuwa bijana benye balikimbia mauaji mu bijiji, hakuna ekipe inabaita ju ni bageni. Kulikuwa bale balipona Ebola, na mupaka leo iko batu hawapokei kikombe mu mukono yao. Kulikuwa musichana mumoja wa mbio kali, kaka zake banamufichia viatu. Kulikuwa kijana wa mukono moja. Na kulikuwa bengine sawa Kasereka, bale balianza kukuya kwa kujifichaficha, kofia mupaka ku macho, kisha bakakuya mchana na kichwa wazi. Kasereka akabakusanya bote, akabafundisha ku kiwanja kimoja upande ya Ruwenzori, hapa hapa Beni. Kijana mumoja wa Butembo akasikia, akakusanya ya kwake kule. Salumu akasema, “Mimi nabeba mihogo na mbuzi, nitashindwa kubeba wachezaji?” Hivyo mashindano ikazaliwa.

Kasereka akaniuliza, “Koko, tuweke sheria gani? Nani akubaliwe?”

Nikasema, sheria ni moja. Mwenye kutaka kucheza akule kwanza, sahani moja na bote. Mwenye kukataa mukono ya mwenzake mu sahani, asitafute mupira ku muguu yake.

Siku ya posho, ni kusema jumamosi, ikafika, siku tunayolima kushinda zote ju kesho yake ni misa. Nilipika sombe na ndakala, samaki ndogo ya kukausha. Nyama ya nguruwe hapana, ju batoto ya Salumu balikuwa banacheza pia. Tukaweka sahani ku majani pembeni ya lango. Batu bakajaa. Ekipe ya Mbusa ikakuya pia, ikasimama mbali, na mumoja wao akapiga kelele na neno chafu ya kutukania banaume sawa Kasereka, “Ekipe ya bapede! Bibi arusi iko wapi?” Batu bakacheka. Kasereka akaniambia chini chini, uso wake kavu, “Koko, bakitutupia mawe leo, kesho napanda gari ya Kasindi. Hautanishika tena.”

Nilikuwa najua atafanya vile alisema.

Ba Butembo bakakaa, bakala. Ba kwetu bakakaa, bakala. Ule musichana wa mbio alikula sawa mutu anakimbiza basi. Kisha mechi ya kwanza ikachezwa, na mwanangu, ilikuwa mupira! Hata bale bachekaji balisahau kucheka, bakaanza kusogea kidogo kidogo. Mumoja wa ekipe ya Mbusa akashindwa kuvumilia.

“Koko, na sisi tunaweza kucheza na hao?”

“Maji iko pale. Osheni mikono.”

Bakaangaliana. Akakuya mumoja, akafuata mwingine, kila mutu anaangalia vidole yake sawa ni mara ya kwanza kuiona. Mbusa alibakia peke yake. Batu banamuangalia, mimi namuangalia, na nafasi ilikuwa moja tu, pembeni ya Kasereka. Mwisho akaosha mikono, akakaa. Akaingiza mukono mu bukari, fasi moja na Kasereka. Akatafuna. Akasema:

“Koko, chumvi ni kidogo.”

“Kula. Ile ya chumvi ulinikatalia siku ile ya kisahani.”

Kasereka akamusogezea ndakala. “Chukua, kapiteni. Kula muzuri, ju leo hautaingiza hata moja.”

“Weye? Nitakufunga mupaka nyavu ilie!”

“Hatuna nyavu,” Kasereka akasema, na bote wawili bakaseka na mudomo imejaa.

Mu mechi yao na ba kwetu, ekipe ya Mbusa ikapata penaliti, na Mbusa mwenyewe akaweka mupira. Akapiga na nguvu yake yote, upande ya chini, fasi mbaya sana kwa gardien. Kasereka akaruka. Sijui niwaambie namna gani. Alijinyoosha mupaka nikafikiri amekuwa mutu mwingine, akaishika na mikono mbili, akaanguka nayo ku kifua, vumbi ikapanda. Mbusa akaweka mikono ku kichwa. Kisha akaenda, akamupa mukono, akamuinua. Mimi na magoti yangu haya nilipiga vigelegele mupaka kitambaa ikanitoka kichwani, sikuiokota. Ni mujukuu yangu! Niliwaambia hata bale sikuwajua: ule ni mujukuu yangu!

Ile kesho, gari ya Kasindi ilienda bila yeye. Sasa ekipe zinatoka Butembo, zinatoka Mavivi, na iko bamama benye kuniomba zamu ya kupika. Sisemi yote imekuwa asali. Iko batu banatema mate nikipita ku soko. Mate inakauka, mimi napita.

Basi sikieni, batoto yangu. Mutu ule Mungu alikupa, hapana kumupakulia pembeni. Ukiwa na neno naye, umuambie mu uso, mukono yako ikiwa mu sahani moja na yake. Na wewe mwenye kufukuzwa, hapana kukimbia haraka. Geuza kichwa kwanza, utaona bengine benye kusimama nje, na kidole moja haiui chawa. Mambo mengine siyajui, niachieni. Hii ninaijua.

Mungu abariki miguu yenu, aifunge njia ya risasi isiwafikie, awape kukomaa mupaka mulalamikie magoti sawa mimi.

Imebakia neno ya nyumba yangu. Kila siku ya mashindano, Paluku anabeba jembe anaenda ku shamba, hata kama hakuna kitu ya kulima. Mais juzi alikuya jikoni, akajifanya anatafuta kiberiti.

“Mama, ni kweli mutoto alishika ile penaliti?”

“Uliza mwenye alikuwa pale.”

Akatoka bila kiberiti. Mangaribi, bote bakiwa banakula, nikagonga sufuria, nikasema, na ninaandika hapa asikuje kukana:

“Siku ya posho hakuna jembe itatoka mu nyumba hii. Bote ku kiwanja. Na wewe, Paluku, utasimama nyuma ya lango ya mutoto yako, utamuita jina yake, Kasereka, kwa sauti, mupaka nisikie kutoka upande ingine.”