Kiti cha Karani

Treni ya alfajiri ilikuwa na sheria za aina mbili. Za shirika zilibandikwa ukutani na maandishi yake yalifutika zamani. Za abiria hazikuandikwa popote, na hakuna aliyethubutu kuzivunja. Kwa sheria hizo za abiria, kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Anayestaafu au kuhama alimtangaza mrithi wake mbele ya behewa zima, na tangu siku hiyo mgeni aliyekikalia kiti kile bila kujua aliinuliwa kwa adabu, na akikaidi, kwa viwiko. Wasio na viti walisimama, na waliokaa waliwapakatia mizigo yao. Huo ndio ulikuwa uungwana wa humo, na asiyeupenda alikaribishwa kupanda basi.

Mama Pasi alikuwa mtu wa kusimama. Alipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali mjini: mashuka ya wodini, mapazia, makoti ya madaktari. Kazi yenyewe ni ya kusimama kutwa, na treni nayo ilimsimamisha kwenda na kurudi. Magoti yakachoka kabla yake. Asubuhi alishuka akichechemea, na adhuhuri ilimkuta ameegemea meza kama mtu anayesikiliza siri. Msimamizi wake, binti asiye na maneno mengi, alimwita pembeni.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini nikikukuta tena umekalia kapu la mashuka, nitaleta mtu mwingine. Usije ukasema sikukuonya."

Binti yake mwenyewe alifurahi aliposimuliwa. "Si uache tu? Njoo ukae kwangu, upumzike."

"Nikae kwako nikuombe mpaka sabuni ya kuogea?"

"Jamani mama, nani kasema uombe?"

"Sijaomba sabuni tangu baba yako afe. Sitaanza leo."

Alisema kwa mzaha, lakini hofu yake haikuwa ya mzaha hata kidogo. Mama Pasi aliogopa kuwa mtu wa kuletewa chai kitandani na kuulizwa kwa sauti kubwa kama ameshiba. Bila kupumzisha magoti njiani, kazi ingemtoka, na mambo yangekuwa hayo.

Ndiyo maana akakikodolea macho kiti cha Karani. Karani alikuwa wa posta, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, na kiti chake kilikuwa dirishani. Kustaafu kwake kulikuwa kunakaribia, na behewa zima lilijua. Mama Pasi alisimama mbele yake miaka nenda miaka rudi, mfuko wake ukiwa mapajani mwa Karani. Kuomba kiti ilikuwa aibu, hivyo hakuomba. Alichofanya ni kumsikiliza, na hiyo nayo ilikuwa kazi ya kupiga pasi, maana Karani alikuwa na maneno bwana. Alisimulia vifurushi vilivyofungwa vibaya na wakubwa wasiojua fundo. Alisimulia habari za mkewe: alimlaumu kila asubuhi mpaka alipofiwa naye, na baada ya hapo akawa anamsifu kila asubuhi. Wengine walijisingizia usingizi. Mama Pasi alisema "Ehe!" na "Hebu!" kila palipotakiwa, na wenye wivu wakanong'ona kwamba anajipalilia.

Siku yake ya mwisho kazini, Karani aliinuka kabla ya kituo chake, akakohoa.

"Jamani, kiti hiki ni cha Mama Pasi. Mwenye neno aseme sasa."

Fundi bomba mmoja alisema neno lake ni moja tu: kiti kilizoea mtu mwembamba, kitastahimili kweli? Behewa likaangua kicheko. Mama Pasi akamjibu kwamba kikivunjika fundi si yupo, akakaa. Alikaa kwa mwili wote, na raha ikampanda kutoka kwenye nyayo hadi utosini. Wiki hiyo alipiga pasi hadi jioni bila kuegemea kitu, na msimamizi akapita, akatazama, akaenda zake. Usiku Mama Pasi alilala usingizi wa pono.

Haukupita muda, Karani akarudi.

Alijipenyeza kutoka mlangoni, shati lile lile, mkoba ule ule, hadi mbele ya kiti. "Hamjambo humu?"

Wakamjibu kwa mkato. Kiti kilichotolewa hakirudishwi, hilo lilijulikana, lakini hapakuwahi kutokea mstaafu aliyepanda tena, kwa hiyo sheria haikuwa na kifungu chake. Watu wakamgeukia Mama Pasi. Fundi bomba aliona dari inamfaa zaidi kutazama.

Akilini Mama Pasi aliliona kapu la mashuka, akakiona na kitanda cha kwa binti yake. Akamchukia Karani, chuki ya kweli, kwa mwendo wa stesheni nzima. Hata hivyo aliunyooshea mkono mkoba wa Karani akaupakata, maana uungwana ni uungwana. Mkoba ulikuwa mwepesi. Hakukuwa na kitu ndani, hata kopo la chakula.

"Unakwenda wapi, Karani?"

"Mjini."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu."

"Na kurudi?"

"Na treni hii hii, ikigeuza."

Chuki ikamtoka, aibu ikashika nafasi yake. Mama Pasi akakamata ukingo wa dirisha aanze kuinuka, magoti yakalia. Karani akamwekea mkono begani, akamrudisha chini.

"Kaa, mama. Sikufuata kiti. Viti ninavyo nyumbani, vimejaa sebule nzima. Ila kule hakuna hata wa kunikanyaga."

Treni ikasimama na watu wakamiminika ndani wakisukumana. Mwanamke mwenye ndoo ya nyanya alimkanyaga Karani sawasawa, kwa uzito wake na wa nyanya zote.

"Uwii, samahani, baba!"

"Hamna neno, mwanangu," alisema Karani, uso umemchangamka. "Kanyaga tu."

Behewa lilicheka, na Mama Pasi alicheka nalo huku machozi yakimtoka, wala hakuinuka.