Mtaa Ulioungua Wenyewe

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi za ujana wangu nimeshazisahau. Nimeikumbuka tena juzi, ulipokuwa umeketi hapa kwangu Rumonge, simu mkononi, ukaniambia kwamba memwari yako, ile tasnifu ya kumalizia chuo, haitagusa kitabu chochote cha mgeni kuhusu mapigano ya Wahindu na Waislamu kule India, maana wageni wote wana upande wao. Sikukujibu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia.

Nianzie kiwandani. Nilipomaliza shule, bado binti mdogo, niliajiriwa na wazee wawili waliokuwa wakitengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese, kandokando ya barabara iendayo Nyanza-Lac. Sisi watu wa mji tuliwaita wote wawili Wahindi, tukaishia hapo. Lakini Mzee Kantilal alikuwa Mhindu, Banyani kama walivyosema wazee wetu, na Mzee Gulamu alikuwa Mwislamu, akiswali msikiti mmoja na baba yangu. Wote walizaliwa huku Burundi, kandokando ya ziwa, ila baba zao walitoka mji mmoja huko India, na jamaa zao walikuwa bado wanaishi huko. Walijua Kiswahili kama sisi, na Kirundi cha sokoni. Kifaransa ndicho kilichowashinda, na hapo ndipo nilipohitajika. Niliandika fakitire, zile ankara za wateja, na kuzungumza na watu wa ofisi.

Walikuwa marafiki wasiojitangaza. Kanti, ndivyo Gulamu alivyomwita Kantilal, hakula nyama, kwa hiyo Gulamu hakuleta nyama kiwandani. Mwezi wa Ramadhani Kanti alikwenda kunywa chai yake nyuma ya mapipa ya mafuta. Sikuwahi kusikia yeyote kati yao akilizungumzia jambo hilo.

Miaka michache kabla sijafika kiwandani, katika mji ule wa baba zao yalitokea mapigano kati ya Wahindu na Waislamu. Watu wengi walikufa, na mmoja wao alikuwa shangazi yake Kanti, aliyekufa ndani ya nyumba iliyowaka moto. Gulamu alikaa matanga kwa rafiki yake, kisha wakanyamaza, kazi ikaendelea.

Basi Jumamosi moja akaja profesa, mzungu aliyekuwa akifundisha Bujumbura. Alikuwa amesikia kwamba Rumonge kuna Mhindu na Mwislamu wenye kiwanda kimoja, na kumbe mji wa baba zao alikuwa ameuandikia kitabu. Alikaa huko muda mrefu baada ya mapigano, akiuliza watu yaliyotokea. Alifurahi sana kuwaona wazee wangu. Alikunywa chai, akapiga picha mbele ya masufuria makubwa ya kuchemshia sabuni, akawaachia kitabu, akaondoka.

Wazee nao walifurahi. Mji wao umo kitabuni. Kanti akanipa kazi mpya, kila jioni kazi ikiisha nikae nao barazani niwasomee, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kadiri nilivyoweza.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Profesa aliandika juu ya soko, mto, vichochoro, na mahali palipouzwa vitumbua vya sukari ambavyo baba zao walivisimulia. Gulamu alifumba macho akisikiliza. Kanti alinikatiza mara kwa mara kunifundisha kutamka majina. Halafu tukafika sura ya mapigano.

Nilisoma kwanza habari za mtaa wa Waislamu, alikotoka baba yake Gulamu. Profesa alieleza kila kitu. Wanaume wa Kihindu walikuja asubuhi, walivunja milango, waliua fulani na fulani, na majina ya waliouawa yaliandikwa. Kanti alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakupinga neno hata moja. Gulamu alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa shati.

Kisha nikafika mtaa wa pili, mtaa wa shangazi yake Kanti. Ulikuwa na mistari michache tu. Nikasoma kwamba nyumba kadhaa zilishika moto, na watu wakapoteza maisha.

"Soma tena, mutoto," Kanti akasema.

Nikasoma tena.

"Nani alichoma?"

"Kitabu hakisemi, Mzee."

"Angalia vizuri. Labda iko mbele."

Nikaangalia mbele na nyuma. Haikuwepo. Sura iliyofuata ilizungumzia mahakama.

Kanti akasimama. "Kwa hiyo wa mtaa ule waliuawa, na sisi tumeungua wenyewe."

"Kanti, mtu yule ameandika aliyoyaona," Gulamu akasema taratibu.

"Aliyoyaona kwa jicho la nani?"

Ndiyo siku ninayokuambia, mwanangu. Hapakuwa na matusi wala kelele. Mzee mmoja alichukua funguo zake akaenda nyumbani, na mwingine alibaki ameketi na chai iliyopoa.

Kesho yake Kanti hakuja, wala siku zilizofuata. Yeye ndiye aliyejua vipimo vya soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hiyo sabuni haikuchemshwa. Mafuta yalianza kuchacha ndani ya mapipa. Akina mama waliokata miche ya sabuni walikuja asubuhi, wakakaa, wakarudi makwao mikono mitupu. Na mji, kama unavyoujua, haukukaa kimya. Upande wetu wa Waswahili, yaani sisi Waislamu wa mji, vijana walisema profesa ameandika ukweli na Banyani ameumia kwa kuwa ukweli unauma. Sokoni wengine walisema Waislamu wamemhonga mzungu. Hakuna hata mmoja wao aliyekiona kitabu.

Vijana hao wakanijia nyumbani. Walitaka niwasomee, mbele ya watu, ukurasa ule wa Waislamu waliouawa. Baadhi yao nilisoma nao. Niliwaambia kitabu si changu, nitamwuliza mwenyewe.

Mzee Gulamu alikuwa peke yake kiwandani, akifunika mapipa.

"Wanataka ukurasa ule tu?" akauliza.

"Ule tu, Mzee."

"Na mistari ya mtaa wa Kanti?"

"Hiyo hawakuitaja."

Akaweka kifuniko chini. "Binti yangu, ukiwasomea ukurasa ule peke yake, utakuwa umeandika kitabu kingine, kibaya kuliko hiki. Waambie nimekataa. Halafu kesho tutapanda gari twende Bujumbura. Nataka kumwuliza mwenye kitabu."

Asubuhi tukapita Gitaza, ndagala, dagaa wa ziwa letu, zikiwa zimeanikwa kando ya barabara, na Mzee hakusema kitu njia nzima. Profesa alitupokea nyumbani kwake kwa adabu. Nilikaa katikati yao, nikitafsiri.

"Profesa, kitabu chako hakina uongo," Gulamu alianza. "Yale ya mtaa wetu ndiyo yaliyotokea. Ninataka kujua mtaa wa pili. Nani aliuchoma?"

Profesa akasema alikuwa amesikia ni vijana wa Kiislamu, lakini hakupata mashahidi wa kutosha, kwa hiyo akaandika tu kwamba zilishika moto.

"Na wa mtaa wetu, mashahidi ulipata wapi?"

"Nilikuwa ninaishi nao. Familia ya Kiislamu ilinipangisha chumba, na kijana wao alinitafsiria. Upande wa pili nilikwenda mara chache. Hawakuniamini, na sikuwalaumu."

"Kama hawakukufungulia mlango, kwa nini hukuandika kwamba mlango ulifungwa?"

Profesa akasema jambo ambalo nimelifikiria maisha yangu yote. Alisema magazeti ya kule yalikuwa yamejaa malalamiko ya Wahindu, na mwenzake mmoja, mgeni kama yeye, alikuwa ameandika kitabu kilichoegemea kwao. Yeye alitaka kusawazisha.

Nilipotafsiri neno hilo, Gulamu alitikisa kichwa. "Umesawazisha kwa kupunguza wafu wa rafiki yangu."

Profesa hakuwa mtu mbaya, mwanangu, na sitaki umchukie. Alikuwa amewapenda watu waliompa chakula, na aliona wameonewa, na kweli walionewa. Alisema kitabu kikichapishwa tena ataongeza maneno. Sijui kama aliongeza. Gulamu alimshukuru, "murakoze cane," tukatoka.

Nilidhani safari ile ndiyo dawa. Nilidhani Mzee atakwenda kwa Kanti na kusema, profesa amekiri, mambo yamekwisha. Tuliposhuka Rumonge tulikwenda moja kwa moja kwa Kanti. Alitufungulia mwenyewe. Hakutukaribisha ndani, na hakutufukuza.

"Kanti," Gulamu akasema, "nimetoka kwa profesa. Anasema hakuwa na mashahidi wa mtaa wenu."

"Hilo nililijua."

"Mimi ninaye shahidi." Sauti yake ilishuka, nikajua kwamba jambo hili alikuwa amelibeba kwa muda mrefu. "Waliochoma ni watu wetu. Binamu yangu Sadiki alikuwa nao. Aliniambia mwenyewe alipokuja kututembelea. Nilikaa matanga ya shangazi yako nikiwa ninajua."

Kanti alishika ubao wa mlango. "Unajua tangu zamani, na kila siku unachemsha sabuni na mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini unasema leo?"

"Nilikwenda kumlaumu mzungu kwamba ameficha jina. Nikaona mimi ninalo jina lenyewe, na nimelificha kuliko yeye."

Kanti akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza. Gulamu alisimama pale kwa muda, kisha akaniambia niende nyumbani, mama yangu atakuwa na wasiwasi.

Ningependa kukuambia walikumbatiana kesho yake. Haikuwa hivyo. Kanti alikaa kwake siku nyingine nyingi. Aliporudi kiwandani alipima soda, akawasha moto, akasalimia wafanyakazi kwa Kirundi kama kawaida, "amahoro," lakini na Gulamu alizungumza habari za kazi tu. Yale maneno ya kwao, Kigujarati chao cha mizaha, yalikauka kwa miezi. Gulamu hakuomba yaharakishwe. Siku moja wakati wa kumwaga sabuni kwenye visanduku vya mbao, Kanti akasema bila kumtazama, kwa Kiswahili, nami nikasikia, "Walioingia mtaa wenu, wawili ninawajua. Mmoja ni shemeji yangu. Nilipata habari mwaka uleule wa mapigano." Gulamu akaitikia, "Haya." Wakaendelea kumwaga sabuni kwa sababu ikiganda haimngoji mtu. Jioni ile walikunywa chai pamoja, na Kanti akaniita nikamalizie kusoma kitabu, kurasa zote zilizobaki.

Baadaye vita vyetu wenyewe vilitutawanya. Wao walivuka kwenda Kigoma na sikuwaona tena. Mimi nilikimbilia Tanzania pia, nikaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi. Huko, katika kambi ya wakimbizi, mtu alinionyesha kitabu cha mgeni kuhusu Burundi. Nikatafuta kijiji ambako kaka yangu aliuawa. Nikakipata. Iliandikwa kwamba katika eneo hilo la ziwa watu kadhaa walipoteza maisha. Nilikaa na kitabu kile magotini nikamwelewa Kanti mpaka mwisho. Lakini sikukitupa, kwa maana kurasa nyingine za kitabu hichohicho zilieleza kwa urefu waliyotendewa watu ambao upande wangu ulikuwa haujawahi kuwalilia. Mengi ya hayo sikuwa nikiyajua. Mengine nilikuwa nikiyajua.

Sasa nakujibu, mwanangu. Una haki ya kusema kwamba mgeni ameegemea. Wengi wameegemea, huku na huku. Lakini usikimbie kitabu chake kwa hilo. Kisome, na ukikisoma uliza alilala nyumba ya nani, alizungumza kwa ulimi wa nani, na mlango upi ulifungwa mbele yake. Tazama mahali ambapo mtu anaua na mahali ambapo watu wanakufa tu, ujue hapo ndipo mwandishi alipoinama. Kisha tafuta kitabu cha yule aliyeinamia upande wa pili, ukisome kwa uvumilivu uleule, hata kama kinakuudhi. Jihadhari pia na wanaopenda kulalamikia upendeleo, mimi na wewe tukiwemo. Mara nyingi malalamiko ni ya haki, na mara nyingi yanatusaidia tusiguse yale ya kwetu. Kabla hujamdai mgeni jina la muuaji, litaje lile unalolijua wewe. Usitarajie kushukuriwa siku hiyo. Huenda mlango ukafungwa usoni pako, nawe uwe na subira ya kungoja bila kuugonga.

Mwenyezi Mungu aupe moyo wako nafasi ya kutosha kwa wafu wa watu wengine. Akupe walimu wanaokubali kuulizwa, na marafiki watakaokuambia neno gumu wakakaa nawe baada ya kulisema. Akulinde njiani na akurudishe kwetu salama, wewe na wote utakaowaandika.