Vidonge Vinne vya Daktari

Mwaka jana nilipewa kazi ambayo sikuiomba: kila asubuhi, kabla sijainjika uji, nisimame mlangoni kwa daktari nimwangalie akimeza dawa. Mimi sijasomea udaktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Yeye ndiye mkuu wa zahanati, ndiye anayewaandikia dawa watu wa vijiji vyetu vyote. Na bado mtu wa kumsimamia akimeza nikawa mimi.

Daktari alikuwa mpangaji wetu. Nyumba ya zahanati aliyotakiwa kukaa ilikuwa imeezuliwa na upepo, mabati yakaenda na hayakurudi, kwa hiyo akapanga chumba kwenye mji wa mama mkwe wangu, huku upande wa Tarime nilikoolewa. Mimi kwetu ni Machochwe. Hapa mji ni mmoja na uwanja ni mmoja: chumba chake, vyumba vyetu viwili, jiko, banda la kuku na choo. Mume wangu yuko machimboni, huja mwisho wa mwezi. Mtoto wangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mahali alipopapenda kuliko pote ni kizingiti cha daktari, maana palikuwa na viatu vya kuvaa na kuvua.

Daktari akaanza kukohoa. Mama yeyote wa kijijini akikohoa wiki mbili, daktari huyu humfokea mpaka ukuta unasikia. Najua ninachosema. Mimi mwenyewe aliwahi kunisimamisha mbele ya foleni nzima kwa sababu niliacha kumpa mtoto dawa siku ya tatu, homa ilipotulia. "Mama, dozi inamalizwa! Kumpa mtoto dawa tu kunakushinda?" Basi yeye alikohoa mwezi mzima. Akasema ni vumbi la barabara. Akajiandikia sindano, ikaisha, akajiandikia nyingine. Mwishowe muuguzi wa zahanati, mama mmoja mnene asiyeogopa cheo cha mtu, akamshikisha kikopo akamwambia ateme makohozi humo.

Ikaonekana ni kifua kikuu.

Jioni hiyo muuguzi alikuja nyumbani na boksi la dawa na kadi. Akatuketisha wote uwanjani, daktari akiwa amekaa mbali na barakoa usoni, kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Kila mgonjwa anakuwa na msimamizi," muuguzi akasema. "Mtu wa nyumbani, anamwona akimeza, anaweka alama kwenye kadi. Daktari, mkeo ni mwalimu Mwanza. Nani hapa?"

"Huyu mama amesoma," daktari akasema, akaninyooshea kidole. "Ataweza kujaza."

"Mimi nina mtoto mdogo," nikasema.

"Ndiyo maana ni wewe," muuguzi akanijibu. "Mtoto wako hushinda kwenye kizingiti cha huyu bwana kama paka. Nimemkagua sasa hivi, hana dalili, lakini naye anaanza dawa za kinga kesho. Sasa nisikilize. Huyu akimeza kila siku, baada ya muda hataambukiza. Akiruka ruka, ataendelea kuwakoholea hapa, na mdudu akishazoea dawa, sina kingine cha kumpa mtoto wako. Umeelewa?"

Nilielewa. Tangu siku ile mtoto hakukanyaga uwanja. Nilimbeba mgongoni nikiosha vyombo, nikambeba nikipalilia mihogo, nikambeba nikienda chooni. Analia, anataka viatu. Mgongo wangu ulikuwa kama umepigwa mchi.

Vidonge vilikuwa vinne kwa siku, vikubwa, rangi ya tofali lililochomwa. Muuguzi alituonya kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa, tusishtuke, ndiyo dawa inafanya kazi. Kila asubuhi daktari alitoka, akaviweka vyote mdomoni, akanywa maji, akapandisha shingo kama bata, akafungua mdomo. Nikaona mdomo mtupu. Nikaweka alama. Akarudi ndani akafunga mlango.

Wiki ya tatu mama mkwe akamwita daktari nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone mavi."

Kuku wake mwekundu, yule anayemtegemea kwa mayai, alikuwa amesimama pale bila aibu. Mavi yake yalikuwa ya rangi ya chungwa. Si njano, ya chungwa kabisa, kama amekunywa soda.

Daktari akachuchumaa. Akayachunguza kwa kijiti, uso umekunjwa kitaalamu. "Hiyo ni minyoo," akasema. "Mwekee majivu kwenye maji ya kunywa, siku tano. Lakini mama, dozi umalizie."

Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikaacha.

"Daktari," nikasema, "kwani kuku naye ana kifua kikuu?"

Nikamwacha amechuchumaa vilevile, nikazunguka hadi chini ya dirisha lake. Kwenye majani palikuwa na vidonge. Vingine vimevimba kwa umande, vingine vimedonolewa nusu. Niliokota mpaka kiganja kikajaa. Alikuwa anavibana nyuma ya fizi, kule mwisho kabisa, na akishafunga mlango anatemea nje. Wiki tatu! Wiki tatu nimeweka alama kwenye kadi kwa mkono wangu, mtoto wangu anameza chake kila siku huku analia, na aliyetibiwa kifua kikuu katika mji wetu ni kuku.

Nilirudi uwanjani nikamtandazia vile vidonge miguuni pake. Mambo niliyomwambia kwanza siyaandiki hapa. Nilipotulia nikamuuliza, "Hutaki kupona?"

"Nataka."

"Basi?"

Akatazama chini. "Siwezi kumeza kidonge."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mama. Tangu utoto. Kikifika hapa," akashika koo, "pananifunga. Malaria nachoma sindano. Kichwa kikiuma nalala. Hivi nilijaribu kuvisaga, nikatapika mpaka nyongo."

"Na sisi sote unaotufokea kila siku kwamba kumeza ni kitu kidogo?"

"Kuandika na kumeza ni kazi mbili tofauti," akasema. Kwa uso mkavu kabisa! Ndipo akaniomba kitu kingine, kwa sauti ya chini: tuanze upya kimya kimya, zile alama kwenye kadi ziachwe kama zilivyo, maana wilayani wakijua atachekwa.

"Zile alama ni uongo kwa mwandiko wangu," nikamwambia. "Na mwenye mapafu madogo hapa ni mtoto wangu, si wilaya." Nikachukua kalamu, nikazikata zote mbele yake, nikampigia simu muuguzi.

Wakati nazungumza na simu, mama mkwe alikuwa anamzunguka daktari kama anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Mura," akamwita, kama tunavyowaita vijana waliotahiriwa. "Wewe si ni mtoto wa Kikurya?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ya kisu ulilia?"

"Mama, hayo mambo na haya..."

"Nimekuuliza. Ulilia?"

"Sikulia."

"Jicho ulipepesa?"

"Sikupepesa!" Hapo alijibu kwa nguvu, hata kikohozi kikamshika.

"Basi dawa yako naijua," mama mkwe akasema.

Asubuhi yake walikuja wanaume wawili wa saiga yake, yaani waliotahiriwa naye rika moja. Mmoja ni bodaboda, mwingine mzee wa kanisa ambaye huimba besi kwenye kwaya. Walikuwa na fimbo. Muuguzi naye alifika na boksi jipya na kadi mpya, akawagawia barakoa, wakazivaa chini ya kidevu. Wakamsimamisha daktari katikati ya uwanja, miguu imepanuka, mikono kiunoni, macho mbele. Wakaanza kumwimbia nyimbo za jandoni. Majirani wakaja uani, wanawake wakapiga vigelegele bila kuuliza sababu. Mimi nilisimama upande unakotoka upepo, mtoto mgongoni, kadi mkononi.

Bodaboda akamwekea vidonge vinne mdomoni, akamnywesha maji.

"Usitikisike, mura! Ukipepesa umetuaibisha!"

Daktari hakutikisika. Nimpe haki yake, alisimama kama nguzo ya umeme. Dakika moja, mbili, tano. Machozi yanamtoka, hapepesi. Mishipa ya shingo imesimama, hapepesi. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Nzi akamtua puani, wakashangilia. Kisha nikaona kitu chekundu kinateremka kwenye kona ya mdomo wake, kinafika kidevuni, kinaanza kudondokea shati.

"Dume!" bodaboda akapiga kelele, akainua fimbo juu. "Dume la kweli! Hajapepesa!"

"Mama, chinja!" mzee wa kanisa akamwambia mama mkwe. "Mtu wetu ameshinda!"

Na mama mkwe, nawaapia, akaanza kumwita yule kuku mwekundu, aliyekuwa ameshiba dawa za wiki tatu.

"Hajameza!" nikapiga kelele. "Vinayeyukia mdomoni! Nyinyi mna akili? Nani kawaambia tunataka asipepese? Apepese! Alie! Agaregare chini! Tunachotaka ameze!"

Mzee wa kanisa akamsogelea daktari, akachungulia mdomoni, akarudi nyuma. "Kweli," akasema. "Vipo." Muuguzi alikuwa amekaa juu ya ndoo, anacheka mpaka anajishika ubavu. Daktari akatema, akakohoa, wote wakakimbilia kwenye banda, maana barakoa zilikuwa bado kidevuni.

Hasira ndiyo iliyonipeleka jikoni, si huruma. Mtoto wangu naye alikuwa mgumu kwa dawa yake mpaka nilipogundua mlenda. Ule mlenda wetu wa kawaida, unaovutika. Unaweka kipande cha kidonge kwenye kijiko, unafunika na mlenda uliopoa, unaweka nyuma ya ulimi, kinateleza kabla mwenyewe hajajua. Nilikuwa na kiporo cha jana. Muuguzi akasema kijiko kimoja kimoja hakina shida. Nikampa mtoto wangu chake kwanza. Akameza, akaomba tena.

"Sasa wewe," nikamwambia daktari. "Kimoja kimoja. Chuchumaa, sikufikii."

"Mama, mbele ya saiga yangu? Kijiko cha mtoto?"

"Saiga yako imeshindwa. Chuchumaa."

Akachuchumaa. Cha kwanza kikaenda. Macho yakamtoka kwa mshangao, akajishika koo, akameza tena hewa tupu kama hasadiki. Cha pili kikaenda. Cha tatu, cha nne. Nikamwambia afungue mdomo, nikamvuta shavu kwa kidole kama ninavyomvuta ng'ombe, nikaangalia nyuma ya fizi pande zote mbili. Utelezi tu. Wale wanaume wa rika lake waliangalia pembeni kwa heshima, kama wanaompisha mtu avae nguo.

Ikawa hivyo kila siku. Nilipika mlenda hata siku ambazo hakuna aliyeutaka. Choo chetu kikabadilika rangi, na sikuwahi kufikiri nitafurahia kuona kitu kama hicho. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, muuguzi akanionyesha karatasi: mdudu haonekani, haambukizi mtu. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Asubuhi iliyofuata nikagonga mlango kama kawaida, kijiko mkononi. Daktari akatoka amevaa koti jeupe, amechana nywele.

"Mama, umeona majibu? Nimekuwa safi. Nadhani sasa tunaweza kuwa tunaruka siku moja moja. Kitaalamu..."

"Kadi ina miezi minne imebaki."

"Mimi ndiye daktari hapa."

"Chuchumaa, daktari."

Akanitazama. Akatazama kijiko. Akashika pindo la koti lisiguse vumbi, akachuchumaa, akameza vyote vinne, mlenda ukamning'inia kidevuni. Nikaangalia nyuma ya fizi. Nikaweka alama kwenye kadi, nikafungua khanga, nikamteremsha mtoto chini, nikamwacha atembee anakotaka.