Wavinya na Mpira wa Kwanza

Makedi wana sarufi yao. Mchezaji akipiga mpira ukaruka vizuri na kutua katikati ya nyasi fupi, kedi aliyembebea mfuko wa fimbo husema, "Tumepiga." Mpira ukipotelea kichakani, kedi huyo huyo husema, "Amepiga vibaya." Wavinya alikuwa amebeba mifuko ya watu kwa miaka kumi na minane katika klabu ndogo ya gofu, ya mashimo tisa tu, iliyo kati ya Thika na Ruiru, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kukosea pa kuweka "tu" na pa kuweka "a". Kilichomshinda ni kusema "nimepiga".

Jumatatu wanachama hawachezi. Nyasi hukatwa, mchanga husawazishwa, na makedi huruhusiwa kucheza wao kwa wao kwa fimbo za kuazima. Siku hizo Wavinya alicheza vizuri kuliko wanaume wengi. Alikuwa na mkono mtulivu, na mpira ukishakaribia shimo ilikuwa vigumu kumshinda. Ila wenzake walichukua muda kugundua kwamba haanzi kamwe kwenye shimo la kwanza. "Hapo foleni ni ndefu," alikuwa akisema, kisha akakata kona nyuma ya banda la trekta mpaka shimo la pili, ambako hapana mtu. La kwanza alilicheza mwisho, watu wakiwa wameenda kula.

Aliyeijua sababu yake ni Jeconia, kiongozi wa makedi, mtu wa magharibi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mahali pa kupigia mpira wa kwanza ni chini ya veranda ya klabu. Anayesimama pale anaonwa na kila aliyeshika kikombe cha chai. Wavinya akisimama pale, mikono yake humkimbia.

Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya makedi, alilazimika kuanzia pale kama kila mtu. Mpira wake ulitoka upande, ukavuka maua, ukaingia jikoni na kugonga sufuria ya ugali. Wa pili ukazama kwenye ua wa kayaba, ule uzio wa miiba. Shimo hilo moja lilimgharimu mapigo kumi na moja, na kwa mwezi mzima wenzake walimwita Mama Sufuria. Alicheka nao. Lakini alipofika nyumbani Gatuanyaga alikaa jikoni kwake bila kuwasha moto.

Mwaka huu kucheka hakungetosha, kwa sababu ya magoti. Mfuko uliojaa fimbo ni mzito, na daktari wa Thika alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kuubeba, baada ya mwaka hata kisima hatakifikia. Klabu nayo ilikuwa imetangaza kwamba kedi atakayemaliza mashindano ya mwaka huu kwa mapigo tisini au chini ya hapo ataingia darasani, afundishwe kazi ya kuwafundisha watu wanaoanza gofu. Kazi ya kusimama na kuonyesha, bila mfuko begani. Wavinya aliweza tisini. Alizifikisha kila Jumatatu, mradi aanzie shimo la pili.

"Sasa unaogopa nini, Mama Kyengo?" mumewe Mutie alimuuliza Jumapili jioni, akifunga mbuzi. "Si ni kampira kadogo tu? Na kenyewe kamekaa chini, kanakungoja."

"Hakaniogopeshi."

"Mimi nimekanyagwa mguu na fahali wa jirani, na sikuogopa vile wewe unaogopa."

"Huyo fahali hakuwa na watu wa kukuangalia kwa veranda, Baba Kyengo."

Mutie alifikiria hilo kidogo. "Jirani alikuwa anaangalia," akasema, akaingia ndani.

Usiku huo Wavinya aliomba kwa Kikamba, kama kawaida yake. Mapigo aliyahesabu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kadi zilivyoandikwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya kumwambia mtu mwingine asimame wapi na apige na fimbo gani. Hofu, iliposema naye, ilitumia Kikamba, kwa sauti ya mama yake akimwambia asijiaibishe mbele za watu.

Jumatatu asubuhi, siku ya mashindano, alipofika klabuni alimkuta Kagwe amesimama kwenye banda la makedi. Kagwe ni mwanachama, mwenye mahali pa nyama choma kule Kamakis, mtu mwenye mwili mkubwa na moyo mwepesi kushtuka. Kwa miaka sita Wavinya alikuwa kedi wake kila Jumamosi, na kila Jumamosi mikono ya Kagwe ilitetemeka pale chini ya veranda. Wavinya ndiye aliyemvusha. Alimnyang'anya draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali ambayo kila mtu huitaka, akampa chuma namba saba, fimbo fupi isiyo na sifa. Kisha alimwonyesha unyasi mmoja nyuma ya mpira na kumwambia autazame huo tu.

"Bosi, leo si siku ya wanachama," Wavinya alisema.

"Najua. Miaka sita umenibebea. Leo ni mimi nabeba."

"Wewe?"

"Daktari alikwambia usibebe. Jeconia ameniambia."

Jeconia alikuwa tayari amemletea Kagwe kizibao cha kijani cha makedi, kile chenye namba mgongoni. Hakikufunga mbele.

"Leo dunia imepinduka!" Jeconia alipaza sauti. "Bosi amekuwa namba kumi na tisa! Na vifungo vimekataa kazi!"

"Hii tumbo ni ya biashara," Kagwe alijibu. "Ukiona mwenye nyama amekonda, hama."

Walipangwa watatu: Jeconia, Dorine, na Wavinya wa mwisho. Dorine ni msichana wa Mwiki aliyeanza ukedi juzi tu, asiyejua bado kuogopa. Alipiga draiva, mpira ukaenda kama umetumwa. Jeconia naye alipiga draiva, ukaenda kando kidogo lakini mbali. Veranda ilijaa makedi, wapishi na wakata nyasi, na kutoka kule mtu akasema, "Jikoni, funikeni sufuria!"

Msimamizi akasoma karatasi yake. "Wavinya Mutie!"

Wavinya alitembea. Alipita kijiti cha kuwekea mpira, akaenda hatua nane upande wa kulia, akageuka, akakusanya miguu, akaweka mikono nyuma na kunyamaza. Kagwe alimfuata akihema, mfuko begani, akasimama kando yake. Wote wawili waliangalia pale mahali patupu pa kupigia. Msimamizi aliangalia. Veranda iliangalia. Ndege alilia, akaacha.

Kagwe akainama kwenye sikio lake. "Tunangoja nani?"

"Anayecheza," Wavinya alinong'ona.

Ndipo akasikia alichosema.

Kicheko kilichotoka verandani kingeweza kusikika Kamakis. Jeconia alijipiga mapaja. "Makedi wawili, mchezaji hakuna! Mama Kyengo, huyo mteja wako amekwama kwa jam ya magari?" Wavinya alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Miaka kumi na minane miguu yake ilikuwa imempeleka mahali pale pale, mahali pa mtu asiyeonwa, na leo ilikuwa imempeleka tena bila kumuuliza.

Alichomoa draiva, akasogea. Mpira ulianguka kutoka kwenye kijiti. Aliuweka tena, ukaanguka tena. Mara ya tatu ulikaa, akasimama juu yake, mama yake akaanza kusema kichwani. Kisha giza likafunika mpira.

Lilikuwa kivuli cha Kagwe.

"Bosi. Kivuli."

"Pole, pole." Kagwe aliruka upande wa pili, funguo za gari zikilia mfukoni kama kengele za mbuzi, akasimama nyuma kabisa ya mpira.

"Hapo ndiyo mbaya zaidi. Niko nakuona kwa jicho. Rudi. Rudi tena. Weka mfuko chini, usiuburute. Na hizo funguo?"

"Ziko kwa mfuko."

"Toa. Shika kwa mkono, kaza."

Kagwe alizitoa, na Wavinya akaona mikono yake. Ilitetemeka kuliko ya Jumamosi yoyote.

"Kwani ni wewe unapiga?"

"Ngai! Nasikia ni kama ni mimi," Kagwe alisema. Kisha, kwa uangalifu wa mtu aliyekariri somo, akauliza swali ambalo Wavinya alimuuliza kila Jumamosi kwa miaka sita. "Sasa hapa tunapiga na nini?"

Wavinya aliinua macho. Aliuona ua wa kayaba kushoto na upepo ukisukuma majani kuelekea huko huko. Akaiona njia ya nyasi fupi, nyembamba mwanzoni na pana mbele. Akaona pia kwamba mtu anayepaswa kupiga mpira huu ana mikono inayotetemeka na jina la utani, na ameshika draiva. Hakuna mteja wa namna hiyo ambaye Wavinya angemwachia draiva. Kagwe alinyang'anywa. Hakimu mmoja mstaafu alinyang'anywa na akanuna mpaka shimo la nne. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa amekubaliwa kupiga nayo akiwa katika hali hii, mwaka jana, akaupeleka mpira jikoni.

"Chuma namba saba," alisema.

"Saba? Wenzetu wamepiga draiva."

"Wenzetu mikono iko sawa. Lete saba."

Kutoka verandani: "Saba! Mama Sufuria haendi mbali, anaenda dukani!"

Hakugeuka. Alishika fimbo fupi na kuchagua unyasi mmoja nyuma ya mpira, wenye ncha ya kahawia. "Angalia huu tu," alisema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa ule upole wa kazini ambao hakuwahi kujipa mwenyewe. "Usiangalie watu. Watu hawana kitu. Pumua. Sasa."

Akapiga.

Halikuwa pigo la kusimulia. Mpira ulitoka chini, ukadunda mara mbili, ukapinda kidogo kuelekea kayaba, ukabadili mawazo na kusimama kwenye nyasi fupi, mbali kidogo tu kuliko jiwe la kombeo. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wamejiandaa kucheka na sasa hawakujua la kufanya na midomo yao.

"Iko," alisema Jeconia, kama anayeandika kwenye daftari.

"Tumepiga!" Kagwe alipiga kelele, akauinua mfuko kwa furaha, chini juu, fimbo zote zikamwagika miguuni mwake.

"Okota tuende, bosi," alisema Wavinya.

Shimo hilo alilimaliza kwa mapigo matano. Mzunguko wa kwanza ukampa arobaini na nne. Lakini uwanja una mashimo tisa tu, na mashindano ni kumi na nane, kwa hiyo ilibidi arudi chini ya ile veranda kuanza mzunguko wa pili. Wengi walikuwa wamekwenda kula. Hata hivyo mikono ilianza tena, na mama yake pia. Hofu haikuwa imehama. Ilikuwa imekaa pale pale ikimngoja. Bila aibu aliitisha saba, akachagua unyasi mwingine, akasema maneno yale yale. Mpira ulikwenda karibu na ulipokwenda wa kwanza. Kutoka hapo magoti ndiyo yaliyokuwa adui. Kwenye shimo la saba alikaa chini kidogo, na Kagwe, aliyekuwa amelowa jasho mpaka kwenye namba ya mgongoni, alikaa naye.

Alimaliza kwa themanini na tisa. Jeconia alihesabu kadi mara mbili, kwa Kiingereza, akaitia sahihi, na kwa mara ya kwanza mwaka huo akamwita kwa jina lake lote. Karani wa klabu, Jackie, aliandika jina hilo kwenye orodha ya darasa na kumwambia aje Jumatano saa mbili, aje na viatu vizuri na asilete mfuko.

Wavinya alikaa kwenye ngazi za veranda, akampigia simu mumewe.

"Umemaliza?" Mutie aliuliza. Nyuma yake mbuzi walikuwa wakilia.

"Themanini na tisa. Naanza Jumatano."

Mutie alishusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyekuwa ameishikilia tangu asubuhi. "Na kale kampira ka kwanza?"

"Kalienda."

"Wapi?"

"Mbele."

"Kwani kulikuwa na mahali pengine pa kwenda?"

Wavinya alicheka mpaka magoti yakamuuma, na Jeconia akageuka kutazama ni nani. "Kuja na pikipiki mpaka steji ya matatu," alimwambia mumewe alipopata pumzi. "Leo sitembei."