Uji Ulikuwa wa Mama

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: uji wa mtama jikoni, na mikaratusi iliyolowa mvua nyuma ya nyumba yetu hapa Mururu. Nilikuwa nimemzaa huyo mumeo, kichwa kikubwa tangu hapo. Wanawake walikuja guhemba, desturi yetu ya kumletea mzazi uji na vyakula, nyumba ikajaa vitenge na vicheko. Vicheko vile siku hizi sivisikii, na navitamani.

Kila aliyeingia aliuliza, "Mutoto anaendelea?" Nami nikajibu, "Anaendelea." Sikumpa mtu amshike. Niliweka kidole chini ya pua yake nione kama anapumua, nikakitoa, nikakirudisha. Hata akiwa ameshiba na kulala, moyo wangu ulienda mbio. Uji wangu ulipoa ukafanya ngozi juu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, akajisifu mbele ya wageni: "Huyu hasinziake. Anajua kulinda." Nani angekataa sifa kama ile? Nikazidi kumkumbatia mtoto, na huku nilikuwa nakwisha.

Kulikuwa na Bibi Zaituni, muuza vitenge wa Kamembe, mzee asiyejua kunong'ona. Aliutazama uji wangu, kisha akawatazama wenzake.

"Uji tumeleta ya mama. Mutoto hanywake uji," akasema. "Munaulizaka huyu mwenye hajue kusema. Mwenye kinywa, nani amemuuliza?" Akanigeukia. "Maman, unalalaka? Unaogopa nini?"

Nililia, mwanangu. Nikasema naogopa nikifumba macho mtoto atakufa. Nilidhani watanicheka. Mama mkwe akaja akaketi kando yangu, akamchukua mtoto taratibu, akaniambia, "Kunywa." Kesho yake Bibi Zaituni alinishika mkono mpaka kituo cha afya. Nesi alinisikiliza, nikarudi kwake tena na tena, na wanawake wale wakapokezana mtoto ili nilale. Woga haukuondoka kwa siku moja, lakini uliondoka.

Sasa wewe. Jana ulirudi kutoka kliniki ukicheka kwamba nesi anauliza mambo ya ajabu: kama wasiwasi unakuandama, kama usingizi unakuruka. Ukajibu hapana kote, eti uwahi kurudi kupika. Na mimi nakuona unavyoiacha sufuria motoni, mkono tumboni, ukingoja mtoto apige teke. Akikawia, jasho linakutoka. Mficha uchi hazai, na wewe umekaribia kuzaa.

Rudi kwa yule nesi umwambie kweli. Ukishajifungua akikuuliza tena, mwambie tena, maana woga huu unaweza kuja kabla au baada. Si dhambi, wala si upungufu wa imani. Ni ugonjwa kama malaria, na wapo wanaoujua. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio sikitaki katika nyumba hii. Nitakusindikiza mwenyewe, magoti yananung'unika, lakini kilima hiki bado yanakipanda.

Mungu akujalie ujifungue salama, akupe maziwa, akupe na usingizi. Na siku watakapokuja na uji, nitakaa mlangoni. Atakayeuliza habari za mtoto, nitamwambia aanze na mama yake.