Mke wangu anataka nikiri mchepuko wa Ushirombo, na mchepuko wenyewe ni wa reli

Admin, usinitaje jina wala mtaa. Nina miaka 36, naishi Geita, ni fundi wa kusuka mota za mashine za wachimbaji wadogo. Nina mke na binti mmoja, Kabula, yuko darasa la pili. Mdogo wake, Masanja, tulimzika mwaka jana kabla hajaanza kutembea. Nayaandika haya nikiwa nimetulia kabisa, na nadhani huko kutulia ndiko kunakonisumbua.

Siku ya msiba watu walilia, mimi nilihangaika na turubai na viti. Wakanisifu eti nimejikaza kiume. Sikujikaza, ndugu zangu, sikuwa nasikia kitu. Tangu hapo nikila nakula tu, mota nikiisuka inazunguka, mteja akinitania nacheka panapotakiwa kicheko.

Rafiki yangu Hussein, mwenye duka la vifaa vya umeme Shinyanga mjini ninakochukua waya, ndiye aliyeniwekea gemu kwenye kompyuta. Ni gemu la kujenga reli, tunacheza pamoja kwa mtandao, yeye kule mimi huku. Tukachora mikoa yetu humo, tukaifikisha reli mpaka Geita, ambako treni yenyewe hatujawahi kuiona. Pamba inapakiwa upande wa Kishapu, inapita Kahama, Ushirombo, hadi huku. Ugumu ni kwamba reli ni moja tu. Treni mbili zikikutana uso kwa uso hakuna inayorudi nyuma, na zote zinazofuata zinasimama. Dawa yake ni kuchepusha kipande cha reli pembeni, moja iingie humo isubiri, nyingine ipite. Kipande hicho sisi tunakiita mchepuko. Lazima kiwe kirefu kuliko treni, la sivyo mkia unabaki njiani na hujafanya kitu. Hayo nayaweza. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa hapo mpaka niitwe kula, na nikiitwa sisikii.

Mwezi uliopita simu ya Mama Kabula iliisha chaji, akachukua yangu ampigie mama yake. Akakuta ujumbe niliomwandikia Hussein asubuhi ile: "Bila mchepuko wa Ushirombo ningekwama. Naongeza mwingine Kahama."

Mnacheka? Chekeni tu, hata Hussein alicheka. Mke wangu hakupiga kelele. Alinikabidhi simu, akaniuliza huyo wa Ushirombo ana watoto wangapi. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha treni inaingia pembeni, nyingine inapita. Nikamweleza vizuri, hadi habari za mkia. Alitazama muda mrefu, nikadhani yameisha.

Akaniuliza, "Tangu Masanja aondoke, hiki ndicho ulikuwa unafanya?"

Nikamwambia ndiyo.

"Bora ingekuwa mwanamke, Baba Kabula. Mwanamke ningejua la kufanya naye."

Shule zilikuwa zimefungwa. Kesho yake akamchukua Kabula, wakaenda kwao Kishapu. Niliwasindikiza stendi, nikawapakilia mabegi, nikarudi kazini. Nilisubiri iniume. Jioni nikawasha kompyuta.

Wiki hii baba mkwe kapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniita ng'wana wane, mtoto wangu, kama anavyoniita siku zote. Akasema makosa ya wanaume yapo, niende Jumapili nikiri mbele ya wazee, nitoe ng'ombe wa kuwapoza, nichukue familia yangu nirudi nayo. Sikuelewa nakiri nini. Nikampigia mke wangu.

"Nimewaambia ni mwanamke," akasema. "Kwa mwanamke wanajua pa kuanzia. Nikiwaambia tumezika mtoto, na mume wangu hajamtaja hata siku moja, amekaa anacheza treni, wataniambia nini? Watasema umerogwa, au watasema hunitaki, nisirudi. We njoo ukiri."

Hussein hataki kusikia. Anasema atafunga safari aje na kompyuta yake aeleze mwenyewe, maana mtu hakiri dhambi ambayo hakuifanya. Anasema pia uongo huo utamfikia Kabula akiwa mkubwa, ajue baba yake alikuwa na hawara Ushirombo wakati kaburi la mdogo wake halijakauka. Hapo amesema kweli. Lakini nikikifikiria kikao chenyewe, wazee wameinamia kompyuta, Hussein anawaeleza habari za mkia, naona nitaonekana nimechanganyikiwa. Na pengine nimechanganyikiwa kweli, sijui.

Kukiri naweza. Uongo haunitetemeshi, siku hizi hakuna kinachonitetemesha. Shida yangu ni neno alilonipa Mama Kabula kabla hajakata simu. Alishusha sauti, nadhani mama yake alikuwa karibu.

"Ukishakiri, ulie. Hata kidogo. Nikuone."

Jumapili ndiyo hiyo inakuja. Nipeni mawazo yenu jamani, nikiri la uongo au nibebe kompyuta? Na kama yupo humu aliyekaa mwaka mzima bila chozi, aniambie lilimrudia vipi.